Sumaili Zéphirin, Aliyepaza Sauti Juu ya Maji

Monpere, chifu wetu, masoeur, watawa wa lopitali, ndugu wa Kasongo, na ninyi muliofika jana na lori ya pamba kutoka Kabambare, kaeni, hata kwenye majani kaeni, maana maisha ya mutu huyu hayasikilizwi kwa miguu iliyochoka. Ninaitwa Feza, dada mukubwa wa marehemu, sikuingia shule hata siku moja, maneno haya niliyasema kwa kinywa changu, katekista Pierre akayatia kwenye karatasi kwa siku mbili, na ni yeye anayewasomea, kwa sababu alikuwa na marehemu kule baharini na anajua nikikosea, ila nimemukataza neno moja, asiruke mahali anapotajwa yeye mwenyewe.

Marehemu Sumaili Zéphirin alizaliwa katika kijiji cha wavuvi cha Kitete, kando ya Lualaba, mwendo wa nusu siku kutoka Kasongo, mutoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu Abedi. Kitabu cha misioni kinasema alizaliwa tarehe 3 Machi 1917, mimi nasema ni 1916, maana ni wakati ule Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, alikuwa anakusanya wapagazi wa vita vya Tabora, baba yetu akajificha katika matete siku sita, siku ya saba mama akajifungua, baba akasikia mutoto analia, akatoka mwenyewe katika matete, na askari wakamukamata akicheka. Alibeba mizigo mpaka Tabora, akarudi na mabega mawili yenye sugu, ndipo mutoto akapelekwa kwa monpere wa misioni, na monpere akahesabu umri kwa kumutazama meno. Mwaka 1918 homa kubwa ilipita katika vijiji vyote vya muto, mama yetu alifariki katika homa ile, nikabaki na mutoto mugongoni, mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi, wanawake kisimani wakinicheka na kusema, «Feza, wewe utaolewa na mutoto tayari,» na kweli nikaolewa hivyo, mume wangu akalipa mahari ya mutu mumoja akapata wawili.

Alisoma katika shule ya misioni ya Kasongo kuanzia Oktoba 1924 mpaka Juni 1927, akajua kusoma, kuhesabu na kuimba misa, akabatizwa siku ya Pasaka 1927 na kupewa jina Zéphirin, jina ambalo baba yetu hakuweza kulitamka mpaka anakufa, alikuwa anamuita Zefu. Baba akamutoa shuleni, mapadri wakakasirika, mumoja akaja mpaka Kitete na baiskeli yake kuuliza sababu, baba akamujibu, «Monpere, vitabu vyako viko vingi na wasomaji wako wengi, lakini mutu wa kukaa mbele katika mutumbwi wangu ni huyu mumoja.»

Ninyi wa Kabambare, watu wa shamba, hamujui kukaa mbele ni nini, niwaeleze. Katika mutumbwi wa kwetu mwenye kukaa mbele hashiki kasia, kazi yake ni kutazama maji na kujua kiboko iko wapi kabla kiboko haijatoka. Anapaka masizi ya chungu chini ya macho, ili jua lisimurudie kutoka majini, na anatazama muto wote pamoja kama mutu anayetazama nguo ili aone mahali uzi umekatika, maana ukikazia jicho mahali pamoja umekwisha kuwa kipofu wa mahali pengine pote. Akiona alama hasemi, hata kukohoa hakohoi, hanyoshi kidole, na jina la munyama halitaji, juu ya maji tunamuita Muzee wa Chini, bali anarudisha mukono nyuma polepole na kugusa goti la yule aliye nyuma yake, mara moja ni kushoto, mara mbili ni kuume, goti linapita habari kwa goti, mutumbwi unageuka kama jani, na Muzee wa Chini anabaki na usingizi wake. Hivyo ndivyo tumeishi, babu kwa babu. Mwenye kupaza sauti juu ya maji anaita kifo kwa jina lake.

Na Zéphirin alikiona kifo kikiitwa. Tarehe 17 Agosti 1930 baba yetu alivusha muchuuzi wa vitambaa, mugeni, Zéphirin akiwa mbele, akaona alama, akagusa goti la baba mara moja, baba akaanza kugeuza kasia, lakini muchuuzi naye alikuwa ameona pua mbili juu ya maji, akasimama na kupiga kelele. Muchuuzi alitoka muzima na robota lake moja. Baba yetu tulimupata kesho yake kwenye mawe ya chini. Mudogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne, akaniambia, «Dada, mimi nilikuwa nimekwisha sema,» akairudia mara nyingi, na kuanzia siku ile sikumusikia tena akipaza sauti, hata kuita mbuzi, alikuwa anamufuata mbuzi.

Kutoka mwaka 1930 mpaka 1940 alifanya kazi ya uvuvi na ya kuvusha watu hapa Kasongo, miaka kumi mbele ya mutumbwi, hakuzamisha mutu hata mumoja. Mwezi wa Julai 1940 alienda Kabambare kwa miguu, siku tano, kumuomba muzee Grégoire amupe binti yake Mathilde, ambaye alimuona hapa sokoni akiuza karanga na hakuweza tena kula karanga za mutu mwingine. Muzee Grégoire, iko pale, ananitazama, alimujibu mbele ya watu, «Mwanangu, sisi tunalima kitu kinachokaa mahali pamoja, ninyi munaishi juu ya kitu kinachokimbia, nenda kwanza ukanionyeshe kwamba mutu wa maji anaweza kutunza uhai wa watu wasiokuwa wa maji.» Mudogo wangu alirudi Kasongo, na mwezi wa Septemba Bulamatari akaomba vijana wa jeshi, chifu akatoa majina, na jina lake lilikuwa la pili.

Alitoka Kasongo tarehe 23 Septemba 1940, akapanda treni Kibombo mpaka Kindu, kisha meli, kisha treni, kisha meli tena mpaka Léopoldville, kisha treni mpaka Matadi, akashushwa mahali panapoitwa Banana, ambako muto unamalizika na bahari inaanza, na kule akakutana na kapola mumoja wa jeshi, mutu wa Kasongo aliyejua Kifaransa kama padri, ndiye huyu Pierre, soma, Pierre, usimung'unye. Kazi yao ilikuwa kulinda ndege za Waingereza. Ndege hizo hazikuwa kama hizi mulizoziona zikitua Kindu, zilikuwa na tumbo la mutumbwi, zililala juu ya maji, kubwa kuliko duka la Mugiriki, injini ine, na askari wetu waliipa ile ya kwanza jina la Bibi Tumbo. Ilikuwa inatoka asubuhi na kurudi jioni, saa kumi, saa kumi na mbili juu ya bahari tupu, ikitafuta meli za vita za Wajerumani zinazotembea chini ya maji, zile wasomi wanaita nyambizi, zilizokuwa zinapasua meli zetu za pamba na mafuta ya mawese na kuua watu bila kuonekana. Ndani yake mulikuwa na vitanda, na jiko, jiko kweli, wazungu walikaanga mayai juu ya mawingu.

Mukubwa wa Bibi Tumbo alikuwa kapiteni mumoja mwenye kiko kisichozimika, wetu wakamuita Kapiteni Moshi. Siku moja, mwezi wa Oktoba 1942, Kapiteni Moshi alikuwa anangoja mafuta ya ndege, akaona askari wa zamu kwenye daraja la mbao anamwambia mwenzake kwa sauti ndogo, atatoka pale, na pale akatoka nguva, kisha pale, na pale akatoka tena. Kapiteni akamuita Pierre atafsiri, akaweka sigara tano juu ya ubao, akasema mutu huyu anabahatisha, wakashindana mpaka jua likawa juu ya kichwa, na Kapiteni Moshi akabaki na kiko peke yake. Akamuuliza anajuaje. Mudogo wangu akajibu, «Maji yanasema kabla ya munyama, wewe unamungoja munyama.» Kapiteni akasema kwamba katika ndege yake kulikuwa na chombo chenye kioo cha kutafutia chuma, lakini unyevu umekiugulisha, na macho ya vijana wake yanachoka baada ya saa mbili, basi huyu askari apewe kiti.

Ndivyo mutoto wa Abedi wa Kitete alivyopanda angani, na blanketi ya kampo mabegani na masizi ya chungu chini ya macho, akaketi kwenye dirisha la pembeni, karibu na kijana mumoja muzungu mwenye nywele nyekundu. Aliniambia kwamba hofu ilikaa naye mpaka pwani ilipopotea, kisha akatazama chini, akaona bahari yote ina mikunjo kama ngozi ya kiboko, na moyo wake ukatulia, akasema, kumbe ni yeye.

Sasa nifike mahali pabaya, nisipofika hapa nitakuwa nimewadanganya. Tarehe 9 Novemba 1942, siku ya Jumatatu, katika saa ya saba ya safari, Zéphirin aliona alama juu ya maji, mustari mumoja mwembamba ambao ulikataa kufunga nyuma yake, na akafanya kama alivyofundishwa na baba yetu. Hakukohoa, hakunyosha kidole, alirudisha mukono polepole na kugusa goti la yule kijana wa nywele nyekundu, mara mbili, kuume. Kijana akamutazama, akaona mutu kimya, uso umekaza, akafikiri ni tumbo, akamupa mufuko wa kutapikia na kumupigapiga bega kwa huruma. Zéphirin akagusa tena. Kijana akamuletea chai. Na Bibi Tumbo ikapita juu ya nyambizi ile na kwenda zake.

Kesho yake meli ya mafuta ya mawese ilipasuliwa mahali hapo hapo. Maiti kumi na moja zilifika ufukweni Banana katika siku tatu, wengine wazungu, wengine wetu, na mudogo wangu alizibeba. Pierre anasema alikuwa anabeba na midomo inatembea bila sauti. Ndipo akaenda mwenyewe kwa Kapiteni Moshi, hakuitwa, Pierre akatafsiri, akaeleza alichokiona na alichokifanya, kapiteni akamuita kijana wa nywele nyekundu, kijana akasema ni kweli, alinigusa goti, mimi nilimupa chai, na akalia. Luteni wa kampo akataka hukumu, mudogo wangu akafungwa siku nane, na wakati anapelekwa Kapiteni Moshi alimwambia, «Mimi sikuchukii, lakini macho yasiyokuwa na kinywa hayanisaidii.» Pierre alitafsiri. Zéphirin akajibu, «Mwambie kwetu kinywa ndicho kilichoua baba yangu.» Pierre aliogopa hasira ya wazungu, hakutafsiri neno lile. Ulinikubalia mwenyewe juzi, Pierre, ukisema umelibeba miaka kumi na sita, basi leo litue hapa mbele ya watu.

Siku ya tano ya kifungo, Pierre alimupelekea mukeka na habari. Meli kubwa itaondoka tarehe 2 Desemba kupeleka askari wetu Lagos, na ndani ya askari hao iko arobaini na mumoja wa huku, kumi na tisa wa Kasongo, ishirini na wawili wa Kabambare, na wa mwisho katika orodha ni Fidèle, mutoto wa muzee Grégoire, kaka wa Mathilde, ambaye hajui kuogelea hata katika beseni. Wote walikuwa wametoka milimani na mashambani, wengine walikuwa wanauliza kama bahari ni ndefu kuliko Lualaba, walikuwa wamekwisha kufika Matadi, wanaimba. Zéphirin akasema, «Pierre, nifundishe kupaza sauti.»

Mutacheka, na mucheke, maana hata wao walicheka. Alipotoka kifungoni alikuwa anaenda ufukweni kila asubuhi, Pierre akisimama mbali, kwanza hatua ishirini, kisha mia, na mudogo wangu anajaribu kuita. Mara ya kwanza ilitoka sauti ya kuku. Askari walikuja kutazama kama watu wa sinema, mumoja akawa anamujibu kwa sauti ya mbuzi, mwingine akamwambia, «Sumaili, kama unamuita muke, hata wa kampo ya pili hajasikia.» Lakini Pierre alikuwa karibu naye na aliona kile wao hawakukiona, kila alipofungua kinywa mukono wake wa kushoto ulikuwa unashika ubao ambao haukuwepo, ukingo wa mutumbwi wa baba. Siku ya sita aliita, na walinzi wa muzinga mukubwa wakatoka nje kuuliza nani amevamia.

Tarehe 1 Desemba alisimama tena mbele ya Kapiteni Moshi na kuomba kiti chake. Luteni akakataa, akasema mutu huyu amekwisha kuua meli moja kwa adabu yake. Kapiteni akavuta kiko, akauliza, «Ukiona, utasema neno gani?» na mudogo wangu, aliyelelewa kutotaja jina lile juu ya maji, akalitaja, «Kiboko.» Kapiteni akawaita watu wake wote tisa, akawaambia wajifunze neno hilo kabla ya chakula, na jioni ile Pierre alisikia wazungu tisa wakizunguka kampo wanasema kiboko, kiboko, kiboko, kila mumoja kwa njia yake ya kuliharibu.

Meli iliondoka Jumatano. Bibi Tumbo ilifuatana nayo, ikizunguka mbele na pembeni, mapipa manne ya baruti tumboni, na Zéphirin dirishani na masizi yake. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili, Alhamisi tarehe 3 Desemba, waliondoka kabla ya mapambazuko, wakaikuta meli, saa zikapita, wakakaanga mayai, hakula. Jua lilikuwa limepanda na maji yamekuwa bati tupu, wazungu wanafuta macho, na mudogo wangu akaona kwamba mahali fulani, mbele ya meli, mikunjo ya bahari inakwenda pamoja yote isipokuwa mahali pamoja, kama nguo yenye uzi uliokatika, na katikati ya mahali pale kijiti, na kijiti kile kilikuwa kinatembea. Mukono wake, aliniambia, ulikwenda wenyewe nyuma kutafuta goti. «Dada, nilihisi goti la baba, nilihisi kabisa.» Akaurudisha mukono, akashika kinywa cha dirisha, akaita.

Kijana wa nywele nyekundu alisema baadaye kwamba injini ine zote hakuzisikia tena. Aliita, kiboko, mukono wa kuume, na wale wazungu wakaita kiboko kutoka mbele mpaka mukiani, Kapiteni Moshi akageuza Bibi Tumbo hata sahani zikatoka jikoni, mapipa yakatoka tumboni, yakatembea kwenye vyuma vyake mpaka chini ya mabawa, ndege ikashuka mpaka ikawa inakaribia kunywa maji, na mapipa yakaanguka mane kwa mustari, kijiti katikati. Bahari ilisimama. Kisha ikaanguka, na mafuta meusi yakatoka chini, mengi, yakaenea, na mustari ule haukuonekana tena. Kama nyambizi ilikufa mimi sijui, na yeye hakusema hata siku moja kwamba ilikufa, alisema, «Sikuona maiti, niliona mafuta,» maana hivyo ndivyo alivyokuwa, hakuongeza chumvi katika mboga ya mutu mwingine. Lakini meli ilipita. Ilifika Lagos na watu wote, na wengi wao walifika wakiwa wanalalamika juu ya maharagwe.

Waliporudi Banana kazi ya kwanza ya Kapiteni Moshi ilikuwa kwenda jikoni kwa askari wetu, akageuza chungu, akapaka masizi chini ya macho yake mwenyewe, na kuanzia siku ile hakuna muzungu wa Bibi Tumbo aliyepanda bila masizi. Zéphirin aliruka nao safari sitini na nane, mpaka Mei 1944, akapewa cheo cha kapola na medali moja, na kwa kipindi hicho chote, katika maji yale waliyoyalinda wao, hakuna tena maiti iliyofika ufukweni Banana. Pierre alihesabu, nikamwambia andika hivyo, akaandika.

Alirudi Kasongo tarehe 11 Agosti 1945, mwembamba, na sauti mupya. Nilikuwa mutoni nafua, nikasikia mutu anaita Feza kutoka ng'ambo ya pili ya Lualaba, nikasema huyu ni nani, kwetu hakuna mutu anayeita hivyo.

Akaenda Kabambare, akamueleza muzee Grégoire yote, na muzee, aliyekuwa hajapata habari za mutoto wake tangu mwaka muzima, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, «Meli inayotembea chini ya maji naweza kuimeza, ndege yenye tumbo la mutumbwi nitaimeza na maji kidogo, lakini mayai juu ya mawingu, mwanangu, hapo umeniongopea.» Zéphirin hakubishana. Akaketi, akasaidia kuvuna muhogo wa muzee siku tisa. Siku ya kumi Fidèle alirudi kutoka vita, alikuwa amepita Lagos na Misri, akaingia na kofia mbovu, akala, kisha akaanza kuhadithia kwamba tarehe 3 Desemba walikuwa wanacheza karata juu ya meli, wakaona ndege inashuka kama inataka kujiua, na maji yakasimama marefu kuliko kanisa la Kasongo, na mabaharia wakawaambia kuna mutu mweusi katika ndege ile anayeona chini ya maji, wakasema haiwezekani, wakaendelea na karata. Muzee Grégoire akamuuliza Fidèle kama anajua mutu yule ni nani. Fidèle akasema hajui. Muzee akasema, «Yule anayemenya muhogo nyuma yako.» Kisha akaongeza, kwa sababu ni mutu wa haki, «Na mayai nayakubali.»

Walifunga ndoa takatifu Kabambare tarehe 9 Februari 1946, muzee akapunguza mahari kwa nusu, akasema nusu nyingine iko imekaa mezani inakula. Mungu aliwajalia watoto watano, Emilienne, Gérard, Cécilia, Louise, na marehemu Jean-Baptiste aliyeishi miezi mine, na Mathilde, dada yangu, naomba usiiname, leo si siku ya kuinama. Toka Machi 1946 alikuwa mukubwa wa kivuko cha Kasongo, akavusha wagonjwa, pamba, ng'ombe, maharusi na ma-administrateur wa Bulamatari, akawafundisha wapiga kasia kwamba goti ni zuri pale wenzako wanajua maana yake, na pale hawajui, fungua kinywa. Vijana wa Kitete sasa wanafanya vyote viwili. Wazee walikasirika mwanzoni. Tangu hapo kivuko hakijapoteza mutu.

Ugonjwa ulimuanza Novemba 1957, kifua na kuvimba miguu, akaingia lopitali ya Kasongo mara tatu, mara ya mwisho tarehe 20 Mei mwaka huu. Akaniaga Alhamisi tarehe 12 Juni 1958, saa nne ya asubuhi, mukono wake katika mukono wangu, baada ya kuuliza kama maji yamepungua, nikamwambia yamepungua, akasema vizuri, basi wavushe ng'ombe leo.

Tunamushukuru munganga na masoeur wa lopitali waliokaa naye bila kuchoka, tunashukuru majirani wa Kitete na wa mutaa wa kivuko kwa kuni, maji na unga, tunashukuru wapiga kasia wenzake waliofunga kivuko siku mbili, jambo ambalo hata Bulamatari hakuwahi kuliweza, na Pierre, asante, umesoma yote.

Imebaki neno moja. Kwa desturi yetu jeneza linabebwa na wapwa, na wanangu walikuwa tayari, lakini jana lori ilipofika walishuka watu wenye mvi, Fidèle mbele yao, wakaniomba ruhusa. Kati ya wale arobaini na mumoja vita vilichukua wane, maradhi yamechukua wengine, na wengine wako mbali, lakini hapa mbele yenu iko kumi na saba, wameoa, wana watoto, nimewahesabia watoto usiku kucha katika mazungumzo na kufika tisini na watatu nikaacha. Hawakumujua siku ile, walikuwa wanacheza karata. Wanangu wamewaachia mahali.

Simameni basi, ninyi wa meli, mumushike. Zefu, mutoto wa Abedi, walifika wote, wako hapa, wamekubeba, hakuna tena cha kuangalia juu ya maji, funga macho yako, mudogo wangu, ukapumzike kwa amani.